Air au XPS? Milioni Mbili za Mchezo na Kona Isiyo na Soketi

Leo tuongee mashine. Wiki tatu zilizopita kila aliyenitumia meseji alipata jibu moja: "Nipo Kariakoo." Kuna waliodhani nimefungua duka. Wapi. Nilikuwa naangalia laptopu mbili, MacBook Air ya M1 na Dell XPS 13, na mfukoni nina hela ya moja tu. Tena hela ambayo isingerudi mkononi kwangu kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo nilikuwa naziangalia kama watu wanavyoangalia wachumba: nauliza ukoo, nauliza tabia, nauliza walikotoka.

Hela yenyewe niitaje kabisa ili tuelewane. Mchezo wetu una wanawake 12, laki na nusu kila mwezi, zamu ikikufikia unabeba 1,800,000. Nikaongeza akiba yangu ya 350,000. Jumla 2,150,000, na humo lazima itoke mashine, kisoma kadi za kamera na diski ya nje. Mama yangu hapa Mbagala aliposikia hesabu hiyo aliuliza swali moja tu: "Hiyo ni kompyuta au bodaboda?" Nikamwambia, mama, ni kompyuta. Akasema "haya." Ile "haya" ya mama mnaijua.

Sasa kwa nini hizi mbili na si laptopu ya kawaida ya laki sita? Kwa sababu ya kazi. Napiga na kuediti video za shughuli: kicheni pati, sendofu, harusi, wakati mwingine kipaimara. Na kuna MC mmoja wa mjini hapa, jina nalihifadhi ila kama mmehudhuria harusi za Kinondoni mwezi wa kumi na mbili mmeshamcheka, alinipigia akaniambia anataka mtu wa kudumu. Kazi yake ni moja: video ya dakika tatu ya shughuli ile ile, ionyeshwe ukumbini usiku ule ule kabla wageni hawajaanza kuaga. Bibi harusi anajiona akiingia kanisani au msikitini asubuhi wakati bado ana shela kichwani. Watu wanalia, wanatunza, MC anapata sifa. Malipo ni mazuri kuliko video ya saa mbili ambayo mteja anaifuata baada ya mwezi na bado anakudai punguzo. MC mwenyewe aliniambia, "Mdogo wangu, sijali unatumia chombo gani, ila video ikichelewa sikuiti tena."

Sasa ulizeni mwediti wa usiku ule ule anakaa wapi. Anakaa kona, nyuma ya spika, karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wanapita na hotipoti za pilau juu ya kichwa chako. Soketi ya upande ule imeshachukuliwa na DJ. Nyingine ina taa za mapambo, na mtu wa mapambo ukichomoa waya wake ni ugomvi wa ukoo mzima. Laptopu yangu ya zamani, chapa niisitiri, betri yake ilikufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Kuna harusi moja umeme ulikata, jenereta likachukua muda kuwaka, mashine ikazima katikati ya kazi. Video ilionyeshwa wakati meza ya mbele imebaki na maharusi, wasimamizi na mjomba mmoja aliyelala.

Kwa hiyo swali langu halikuwa ipi ni nzuri. Swali lilikuwa ipi itakaa saa tatu nne pale kona bila soketi, na isinisumbue baada ya hapo.

Ila kabla sijafika kwenye betri, tuongee kuhusu lile tofaa mgongoni, maana mjini hapa ndilo linalonunuliwa na wengi. Kuna dada mmoja wa mitandaoni, wafuasi wake mnawajua, kila picha ya "niko kazini" ina laptopu yenye tofaa, kikombe cha kahawa na maua. Niliwahi kwenda kumpiga picha nyumbani kwake. Nikamwomba niweke picha mbili tatu kwenye mashine yake azione kwa ukubwa. Akacheka, akasema, "Hiyo haiwaki, ni ya picha." Betri ilivimba, akaitoa, akabaki na bodi. Mimi simlaumu hata kidogo, yeye biashara yake ni picha na ile laptopu inampa hela hata ikiwa imekufa. Lakini wateja wangu nao wameambukizwa. Mtu anakuuliza "unatumia Mac?" kwa sauti ile ile ya "umesoma wapi?" Kamati moja ya harusi ya Tegeta iliniuliza hivyo kabla hata ya kuangalia kazi zangu. Nikaapa kwamba nikinunua Mac isiwe kwa ajili ya wale.

Haya, zenyewe sasa.

MacBook Air ya M1 ilitangazwa Novemba 2020, Marekani ikaanzia dola 999. Kioo inchi 13.3, uzito kilo 1.29, haina feni kabisa. Dell niliyokuwa naitaka ni XPS 13 namba 9310, nayo ya mwishoni mwa 2020, prosesa ya Intel kizazi cha 11, kioo inchi 13.4 ambacho kingo zake ni nyembamba mpaka unajiuliza kamera wameipachika wapi, uzito takriban kilo 1.2. Kwenye begi la mtu anayepanda daladala ya Mbagala akiwa amesimama mpaka Kwa Azizi Ally, tofauti ya gramu hizo huisikii. Unachosikia ni kiwiko cha jirani. Zote nyembamba, zote chuma kizuri, zote zinachaji kwa tundu dogo la USB-C, na zote zina matundu mawili tu ya namna hiyo. Dell inaongeza kijitundu cha kadi ndogo ya microSD. Kamera zangu zinatumia kadi kubwa, kwa hiyo kisoma kadi nanunua tu, sina ujanja.

Kitu kilichonishangaza ni betri. Ya Dell ni kubwa kidogo: wati-saa 52. Ya Air ni 49.9. Kwa akili ya kawaida Dell ingekaa zaidi. Haikai. Ile chipu ya M1 inakula umeme kidogo sana kwa kazi ile ile, ndiyo maana Apple walithubutu kuandika saa 18 za kuangalia video kwa mashine mpya. Saa 18 ni za tangazo, tena za kuangalia na siyo za kuediti, na hizi tunazonunua sisi zimeshatumika miaka. Lakini hata ukikata nusu unabaki na usiku wa harusi.

Sikutaka kuamini maandishi, nikaenda na flashi yangu. Ndani nimeweka vipande vya harusi moja na programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure, ambalo linaingia kwenye zote mbili. Nilimkuta kijana mmoja muungwana duka la Makumbusho, akaniruhusu kukaa na mashine zote mbili bila chaji kwa karibu saa moja, sharti ninunue soda pale pale kwa dada yake. Nikanunua mbili. Nikaediti kitu kile kile huku na kule. Kwenye Dell feni ilianza kuimba mapema, mgongo ukapata joto, na mwisho wa kazi betri ilikuwa imekata karibu robo. Kwenye Air kimya, na asilimia zilishuka polepole kiasi nikadhani alama ya betri imeganda. Kijana akanitazama. "Dada, umeshaamua." Nikamwambia bado, kaka, bado sana.

Kwa sababu Air ina mambo yake.

La kwanza ni nafasi. Ile niliyoimudu ni GB 256, na diski yake imechomelewa kwenye bodi. Huongezi, hubadilishi, na bodi ikifa data inaondoka nayo. Harusi moja kwangu inaweza kula GB 100 bila aibu. Dell unafungua skrubu za chini, SSD unaiona, unaweka kubwa zaidi, fundi yeyote wa Kariakoo anaifanya huku anakula muhogo. Kwa nchi kama yetu ambako laptopu inaishi miaka kumi na kurithiwa, hiyo ni sifa kubwa kuliko kioo kizuri. RAM ndiyo huongezi kwenye yoyote, zote zimechomelewa, kwa hiyo unachonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Na hapo kwenye RAM wauzaji wana msemo wao: "GB 8 ya Mac ni sawa na 16 ya Windows." Aisee. Hata mkubwa mmoja wa Apple alishasema kitu cha namna hiyo mwaka 2023. Halafu Oktoba 2024 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza Air zake kwa GB 16 kama kianzio, bei ile ile. Ukweli ni kwamba inajipanga vizuri, kwa kazi ya dakika tatu haikunisumbua, lakini 8 ni 8. Ukifungua Resolve, kivinjari chenye matabu ishirini na WhatsApp kwa pamoja utaiona inahema.

La pili ni joto. Haina feni, nimesema. Ukiibana kwa muda mrefu inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Apple wenyewe wameandika itumike kwenye joto la nyuzi 10 mpaka 35. Sasa njoo chumbani kwangu Februari saa nane mchana, bati juu, dari hakuna, upepo umegoma. Pale hata mimi napunguza kasi. Dell nayo inaandikiwa 35 kama kikomo, lakini angalau feni inapambana. Mimi kazi zangu ndefu nazitoa usiku, kwa hiyo nikasema tutaelewana.

Sasa tuingie Kariakoo, maana huko ndiko hela inakofia.

Ukishuka tu na sura ya mtu anayetafuta, mawinga wanakuona. Winga hana duka, ana miguu na mdomo. "Sista, mashine? Mac? Njoo huku, za Dubai hizi, bado za moto." Anakupeleka ghorofa ya tatu, muuzaji anataja bei, ndani yake kuna cha juu cha winga. Si wezi wote, wengine wanajua bidhaa kuliko wenye maduka. Ila kama unajua unachotaka, ingia mwenyewe mtaa wa Aggrey, uliza duka kwa duka, andika bei kwenye simu, rudi nyumbani, lala. Usinunue siku ya kwanza. Hata wakikwambia imebaki moja. Inabakiaga moja wiki nzima.

Mtego wa kwanza nilioukuta ni huu, na naomba muushike. Mwaka 2020 zilitoka MacBook Air mbili. Ya Machi ina Intel ndani. Ya Novemba ina M1. Ukizifunga ni mapacha. Muuzaji anasema "Air ya 2020" na wala hajadanganya. Tofauti yake ni mbingu na ardhi: ya Intel ina joto, betri yake ni ya kawaida, na macOS Tahoe iliyotoka Septemba 2025 haiikubali kabisa, wakati ya M1 bado inapokea. Igeuze chini usome maandishi madogo. A2179 ni Intel. A2337 ni M1. Maandishi yakiwa yamefutika, washa, bonyeza tofaa kule juu kushoto, ifungue ile sehemu ya kuihusu mashine, isome yenyewe. Duka moja walinionyesha A2179 kwa bei ya M1. Nilipoigeuza yule kaka akasema, "Ah, dada unajua." Akaitoa nyingine chini ya kaunta. Kumbe ipo!

Dell nayo ina mapacha wake. XPS 13 zinafanana vizazi na vizazi, na Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa kuna XPS 13 inaitwa 9360, hiyo ilitoka na kizazi cha 7 na baadaye cha 8 ndani ya boksi la jina lile lile. Ukipata ya 7 umenunua mashine nzuri ambayo Microsoft wameshaiaga. Usisome stika ya nje, stika zinabandikwa. Ingia kwenye mipangilio usome jina la prosesa.

Mtego wa pili ndio wa kulia. Kuna mtu alinitumia picha ya Air ya M1, safi, haina mkwaruzo, 1,150,000. Wengine wote walikuwa 1,600,000 kwenda juu. Moyo ulidunda, maana hiyo tofauti ya laki nne na ushee kwangu ni kodi ya miezi. Nikaenda. Inawaka, ina jina la mtumiaji tayari, kila kitu kinafanya kazi. Nikamwambia muuzaji naomba tuifute yote mbele yangu, tuianzishe upya kwa intaneti ya simu yangu. Akasema haina haja. Nikasema nina haja. Akasema programu zitapotea. Nikasema zipotee. Tukabishana pale, kwa adabu, mpaka akakubali akijua nitachoka kusubiri. Sikuchoka. Ilipoanza upya na kushika intaneti, ukatokea ukurasa unaosema mashine hii inasimamiwa na kampuni fulani ya nje, weka akaunti ya kazini. Yaani ilikuwa mali ya ofisi huko ng'ambo. Imefikaje ghorofani kwetu sitaki kujua, lakini kampuni ile ikitaka, inaifunga ikiwa mezani kwako. Watu wanaipita hatua hiyo kwa kuianzisha bila intaneti, unanunua, unafurahi, siku unaifuta unakutana na mwenye mali.

Kufuli la iCloud ni ndugu yake: mwenye akaunti ya zamani asipoitoa, fundi hana dawa. Atakayekuambia ana dawa anakuuzia muda.

Msidhani Dell wamepona. Nyingi za hizi nazo zimetoka maofisini. Washa huku unabonyeza F2, ukiombwa paswedi, weka chini, ondoka. Na ukiwa humo humo angalia afya ya betri, ipo imeandikwa. Kwenye Mac unaangalia idadi ya mizunguko ya chaji. Air imetengenezwa kwa mizunguko 1,000. Niliyoikataa moja ilikuwa na 900 na kitu, muuzaji ananiambia "haijatumika sana." Angalia pia kibodi. Mashine za Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni, zinafanya kazi vizuri tu, lakini bei ishuke kidogo. Ila chaji zao zina pini tatu nene kama soketi zetu, wakati za Marekani zinakuja na pini mbili bapa zinazodai adapta.

Basi baada ya wiki mbili nikabaki na mbili za uhakika. Air ya M1, 8 kwa 256, mizunguko 214, 1,650,000. XPS 13 ya 9310, RAM 16, SSD 512, betri ina afya, 1,500,000. Na hapo ndipo mdogo wangu akaingia.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, anasoma usanifu majengo. Hana laptopu. Anatumia ile yangu ya zamani ninapolala, na maabara ya chuo ina foleni. Programu wanayodaiwa kuijua ni Revit, na Revit ni ya Windows tu. Kwenye M1 hata ile njia ya zamani ya kuweka Windows upande wa pili, Boot Camp, haipo. Kwa hiyo kwake Air ni sinia. Alikuja sebuleni na karatasi ameandika, kama wakili. "Dada, Dell ina RAM mara mbili. Diski mara mbili. Bei ndogo kwa laki na nusu. Tunaweza kutumia wote wawili. Wewe unachopata kwenye Mac ni betri na sifa."

Mama akanyamaza, maana mama akinyamaza ameshachagua upande.

Nikamjibu kadiri nilivyoweza. Nikamwambia harusi ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kazi zako za chuo unazikabidhi Jumatatu. Mashine nitakuwa nayo Bunju wakati wewe unaitafuta Mbagala. Nikamwambia pia ukweli ambao hakuupenda: XPS 13 siyo mashine ya Revit. Haina kadi ya michoro ya peke yake, ina Iris Xe ya ndani ya prosesa, jengo likiwa kubwa itachemka na kusuasua. Wewe unahitaji mashine nene, ya feni kubwa, nzito, mbaya wa sura, yenye kadi ya michoro. Hizi mbili zote ni za mtu anayetembea. Nikamwambia na la mwisho, kwamba hii mashine ndiyo inayolipa ada, na ikizima tena ukumbini MC hatanipigia, na ada itatafutwa kwingine ambako sisi wote tunajua hakupo.

Akasema, "Sawa dada." Akakunja karatasi.

Sikulala vizuri siku hiyo. Kwa sababu hoja yake ya pili ilikuwa ya kweli. Kama ningekuwa naediti nyumbani kwenye soketi, au natengeneza kadi za mialiko tu, au nafanya hesabu za duka kwa programu za Windows, ningechukua Dell asubuhi na mapema, tena ningeona nimepata kitonga. Na wengi wenu mnaonitumia meseji "ninunue Mac?" hali yenu ni hiyo. Mna soketi, mna meza, mna programu ya ofisini inayotaka Windows. Chukueni Dell, au chukueni hata laptopu nene ya laki nane, hela inayobaki mlipe kodi. Kona yangu haina soketi. Ndiyo tofauti yenyewe yote.

Nilinunua Air. Tulibishana mpaka 1,600,000. Nikadai risiti ya EFD, na nikaomba namba ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya duka pamoja na wiki mbili za kurudisha. Muuzaji alilalamika kidogo kisha akaandika. Diski ya nje ya TB 1, 280,000. Kisoma kadi, 35,000. Ikabaki 235,000. Nikachukua ile laptopu ya zamani nikaipeleka kwa fundi, akaweka SSD na betri mpya, 195,000 jumla. Ni nene, ukiifungua kila kitu kinatoka, mtu anashangaa. Nikampa mdogo wangu iwe yake kabisa. Revit inafunguka, michoro midogo inakwenda, mikubwa inamfanya aende kuchota maji na kurudi. Mfukoni nikabaki na 40,000 na deni la miezi saba ya mchezo.

Tofaa nimelifunika. Nimebandika kipande cha kanga ya mama mgongoni, kwa gundi ya karatasi, kwa sababu usiku kurudi Mbagala na tofaa linaonekana kwenye begi ni kuita watu ambao hujawaalika. Kamati ya Tegeta walipoiona wakauliza, "Hii ni laptopu gani?" Nikasema ya kushonea. Wakacheka, hawakuuliza tena.

Harusi ya kwanza niliyokwenda nayo ilikuwa Boko. Nilianza kuediti saa moja na nusu jioni na asilimia 96. Umeme ulikata mara mbili, DJ alipiga kelele, mimi sikuinua kichwa. Video ilionyeshwa saa nne kasoro, ukumbi umejaa, mama wa bwana harusi akasimama akaomba irudiwe. MC alipita nyuma ya spika akanigonga bega, akaenda zake. Wiki iliyofuata alinitumia tarehe nne.

Mdogo wangu yeye ananisalimia vizuri, anakula, anafua. Ila jana alinitumia picha bila maneno. Ni ile Dell, bado iko dukani, imeshuka mpaka 1,420,000.